Chumba cha Kwanza

Tangu nyumba zianze kuuzwa chumba kimoja kimoja, mlango haufunguki mpaka mwenye chumba aseme "karibu". Nina miaka ishirini na mbili, na mtaji wangu ulitosha kununua chumba cha jiko cha mama, hapa Uyole. Bora mimi kuliko mgeni.

Kila alfajiri mama alisimama mlangoni pa jiko na sufuria yake. "Hodi, mwanangu." Nilimkaribisha nikiwa bado kitandani.

"Vumilia, mama," nilimwambia jana. "Mwakani nanunua chumba unacholala. Sirudi nyuma."

Leo sikusikia hodi. Nimemkuta uani, amewasha moto kwenye mafiga, anakoroga uji.

"Tusekile," akauliza bila kugeuka, "na uani nako wameshaanza kuuza?"

Nikamjibu bado. Halafu nikatoa simu nihakikishe.