Ringi za Kwendea Uroa

"Rejesha," alisema Mzee Ubwa, na vidole vyake havijamaliza hata kuizunguka. "Hii ya Toyota."

Riyama aliinua ringi kutoka mapajani mwa baba yake, akaiegemeza kitandani. "Haitham kaapa itakaa, baba. Tundu nne, inchi kumi na nne, kama za Morris yako."

"Haitham anauza tairi, hauzi macho. Nipe chelewa yangu."

Chelewa yenyewe, njiti ya ukuti wa mnazi, ilikaa chini ya mto. Mzee Ubwa aliikata zamani, wakati bado anaona, sawasawa na nafasi ya kutoka tundu moja ya ringi mpaka ya pili inayoielekea. Aliijaribu. Ilizidi kidogo tu, unene wa ukucha.

"Umeona? Nati zitaingia, na utakaza. Lakini ukifika Dunga gurudumu litatangulia, wewe unalifuata nyuma."

Riyama akashusha pumzi ndefu. Mzee alimwonea huruma. Hii ilikuwa ya saba. Ya tatu ilikuja na tairi pana la gari ya shamba, lingekwaruza madigadi kila kona. Ya tano ilikuwa nene kwa ndani, ingegusa breki. Na kila moja binti huyu aliitoa Darajani kwa bodaboda mpaka Ng'ambo, akairejesha vilevile. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wanasema, lakini nundu hii haioni, haitembei, na juu ya hayo inachagua!

Angekubali gari ya kukodi, mambo yangekwisha zamani. Hakutaka hata kusikia. Alimtoa Bi Mwatum kwao Uroa, bi harusi na hina yake mkononi, ndani ya Morris ile ile iliyokuwa teksi yake. Sasa Bi Mwatum amezikwa huko huko Uroa, na tangu macho yafunge, Mzee Ubwa hajafika kaburini. Daktari hakumficha: moyo umechoka, ni suala la miezi. Alitaka jambo moja tu, akae kwenye kiti cha gari yake, apelekwe, amsomee mkewe Yasini kabla yeye mwenyewe hajasomewa.

"Nilimtoa kwao kwa Morris," alikuwa akisema. "Sitamwendea kwa gari ya mtu."

Morris ilikuwa gereji, Jang'ombe. Mwaka jana alipelekwa Dar kuchomwa sindano za macho, sindano za mamilioni ambazo, wallahi, hazikumfaa kitu. Aliporudi alipapasa uani, akakuta pahala patupu. Riyama akamwambia kaipeleka ikapigwe rangi, na fundi kakuta ringi zote nne zimeliwa na kutu, kazitupa.

"Injini nzima, baba. Iko juu ya mawe, inangoja miguu tu."

"Basi nipeleke nikaishike."

"Ukipata nguvu, baba."

Ringi zile zilimuuma. Enzi za teksi, wezi walikuwa wakikuibia gurudumu leo, kesho wakakuuzia mwenyewe, tena kwa tabasamu. Ndipo alipozichanja zote kwa tindo, chale tatu tatu, upande wa ndani, pahala ambapo mkono haufiki ila wa anayepajua. Mara mbili aliibiwa, na mara mbili alizirudisha nyumbani kwa ushahidi wa chale. Leo ati zimekufa kwa kutu! Alizipaka mafuta kila mwaka kwa mkono wake.

Ya nane ilikuwa ya Datsun. Ya tisa ilikuwa na ufa. Shaabani ikaisha, Ramadhani ikaingia, Mzee Ubwa hakuweza kufunga hata siku moja, na uvimbe ukapanda kutoka nyayoni mpaka magotini. Usingizi ulimjia akiwa amekaa, kwa sababu akilala chali pumzi zinakatika. Kila aliposema "rejesha", Riyama alishusha pumzi, akajibu kwa upole ule ule, "Basi ntatafuta nyengine, baba."

Alhamisi moja, baada ya alasiri, aliingia akamwekea ringi mapajani bila ya maneno mengi.

"Ijaribu na hii. Sijui hata ya gari gani. Haitham kaitoa chini kabisa ya rundo, kwenye vyuma vya kuuzwa kwa kilo."

Mzee Ubwa aliizungusha. Uzito wake ulimkaa vizuri. Chuma kilikuwa laini, hakina kutu hata chembe. Akatoa chelewa chini ya mto, akaiweka tundu mpaka tundu. Haikuzidi wala haikupungua.

Moyo wake mbovu ukaruka. Aliiona Uroa yote, kwa macho yale yale yaliyokufa: kona ya Chwaka, minazi, ukuta mweupe wa makaburini, na yeye anashuka garini anasema, Mwatum, nimekuja.

"Riyama!"

"Naam, baba." Sauti ilitoka mlangoni, nyembamba.

Alitaka kusema alhamdulillah. Lakini vidole vina mazoea yao, vilishapita nyuma ya ringi, vikainama kwa ndani, vikagusa.

Moja. Mbili. Tatu.

Alizipapasa tena, polepole, kuanzia ya kwanza. Chale zake mwenyewe, na kutu hakuna. Jirani alikuwa akitwanga uani, na mchi ulisikika kwa muda mrefu.

"Baba? Inakaa?"

Mzee Ubwa aliichomoa chelewa, akairudisha chini ya mto.

"Haikai, mwanangu," alisema. "Rejesha. Katafute nyengine."

Akamsikia anashusha pumzi.