Nusu ya Majibu

Yesaya aliweka vidonge viwili ulimini, akavisukuma kwa maji ya kwenye kopo, kisha akatega sikio kama kuna anayekuja. Mzee wa kanisa, miaka sitini na tatu, anajificha kwenye banda la kahawa kama mwizi wa kuku!

"Baba Ambwene," mkewe Gwantwa aliita kutoka nje, "kila asubuhi unatafuta nini humo?"

"Panya."

Mwezi uliopita kanisa zima pale Igamba lilifunga siku tatu kumwombea, maana kifua kilikuwa kinambana. Akaenda Mbeya, akapigwa picha ya moyo. Jumapili akasimama mbele ya watu na karatasi mkononi: "Moyo wangu ni mzima!" Vigelegele nusura ving'oe bati.

Maneno ya daktari aliyakata katikati. Yote yalikuwa haya: "Picha ni nzuri, mzee. Lakini una sukari na presha. Hivyo vinaweza kuuharibu moyo kimyakimya, picha isionyeshe kitu. Usiache dawa hata siku moja."

Angewaambiaje watu waliokaa na njaa siku tatu kwamba amerudi na mfuko wa vidonge? Mchungaji Amoni alipomuuliza kama amepona kabisa, alijibu, "Kabisa." Tangu siku hiyo aibu inamtafuna. Akiitwa "mzee wa muujiza" njiani, anatazama viatu vyake.

Leo basi. Leo angesema yote, wamcheke mpaka wachoke. Ibadani, Mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, Yesaya alisimama.

Lakini Boazi, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa ameshafika mbele, naye ana karatasi.

"Bwana asifiwe, wapendwa! Mnajua sukari ilivyonitesa miaka kumi. Muujiza wa Mzee Yesaya umenipa imani. Nami nimepigwa picha, moyo wangu safi kama wake! Dawa zote nimezichoma moto. Hii wiki ya tatu sijameza hata kidonge."

Kanisa lilirindima. Mchungaji aliinua mkono watu watulie, akamgeukia Yesaya.

"Mzee, naona umesimama. Wewe ndiye uliyetangulia. Mpe ndugu yako neno."

Boazi alimtazama kwa furaha, machozi yakimlengalenga.

"Amina," alisema Yesaya, akaketi.