Maziwa ya Kulinganishia

Namba ya pili ilipotokea kwenye mashine, mpimaji aliisoma mara tatu, kisha akavua miwani.

Ya kwanza ilikuwa ya maziwa ya nyangumi aliyekufa ufukweni, yaliyojaa sumu za viwandani kama maabara nzima ilivyotarajia. Ya pili ilikuwa ya maziwa yake mwenyewe. Asubuhi walikosa maziwa safi ya kulinganishia, naye kwa mzaha akakamua yake kwenye kichupa, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa namba mbili zilikaribiana kama mapacha. Akarudia kipimo. Namba haikusogea.

"Shoga, kwani nyumbani mnakula nini?" mwenzake akauliza polepole.

"Samaki. Wale wakubwa. Baba mtoto si mvuvi?"

Hakuna aliyecheka. Kila mwaka waliandika kwenye ripoti kwamba nyangumi jike hupunguza sumu mwilini kwa kunyonyesha, na mtoto wa kwanza ndiye anayebeba nyingi zaidi. Wake alikuwa wa kwanza, wa miezi minne.

Titi la kushoto likaanza kuvuja. Doa likatanda kwenye koti jeupe, akalikandamiza kwa kiganja.

Simu ikaita. Alikuwa mama mkwe, na nyuma yake kelele za mawifi na majirani.

"Mkwe wangu, usiwe na wasiwasi, nimempashia maziwa yako uliyotuachia."

"Mama, subiri kwanza…"

"Nisubiri nini, na mtoto ana njaa? Hebu nimsogezee simu usikie anavyoyafakamia."

Akasikia mafunda, moja baada ya jingine.