Jina la Kitanda cha Saba

Orodha ilikuwa na majina kumi na moja. Vitanda vilikuwa kumi na viwili.

Fundi alihesabu tena, kidole kikigusa kioo cha kompyuta, kisha akaegemea kiti. Jina la kitanda cha saba halikuwemo.

"Shikamoo, Fundi. Limetoweka tena?" aliuliza msimamizi wa makao ya wazee, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari la dawa.

"Marahaba. Tena."

"Mwezi uliopita pia lilifanya hivyohivyo."

"Kuna mtu anachezea kazi yangu humu."

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi. Fundi alikuwa wa kwanza kuingia ofisini, kama kawaida yake, kandambili miguuni na miwani imefungwa kwa uzi. Hata walinzi wa lango walikuwa hawajapokezana zamu. Alikuwa ameshika mitambo kwa miaka thelathini na nne, na katika yote aliyowahi kuunda, fomu hii aliipenda kuliko kitu chochote.

Jamaa anayetaka kuja Jumamosi lazima aijaze kwenye tovuti kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa. Asiyejaza, lango halimjui. Anachagua kwenye orodha mtu anayemtembelea, na orodha hiyo hakuna anayeiandika. Inajivutia majina yenyewe kutoka kurasa za wazee zilizomo humohumo kwenye tovuti. Mzee akihamia, anafunguliwa ukurasa, jina linaingia. Mzee akiondoka, na pale watu huondoka kwa njia moja tu, ukurasa unafungwa na jina linajifuta.

Mwanzoni ilivuta kila ukurasa bila kubagua. Bibi mmoja akachagua kumtembelea "Bustani Yetu". Akaja na mfuko wa machungwa, akatembezwa bustani nzima, akaondoka ameridhika kabisa. Baada ya hapo Fundi aliongeza kisanduku kidogo juu ya kila ukurasa. Kikiwa na tiki, jina linaonekana kwenye orodha. Kisipokuwa nayo, halionekani.

"Binti yake akifungua asilikute jina," Fundi alisema, "atadhani nini?"

"Usiseme hivyo, Fundi."

"Nasema kweli. Atadhani mzee ameshakwenda."

Hilo ndilo lililomuuma. Binti wa kitanda cha saba hajakanyaga pale miezi mitano. Jumatatu msimamizi alimpigia simu, akajibu kwamba akipata nafasi atajaza fomu. Kwa hiyo leo fomu ilipaswa kuwa nzima, isije ikawa kisingizio.

Fundi alifungua ukurasa wa kitanda cha saba. Kisanduku kilikuwa kitupu. Akaweka tiki, akahifadhi, akafungua fomu upya. Majina kumi na mawili, yamejipanga kama wanafunzi mstarini.

"Mtumie binti kiungo tena," alisema. "Mwambie jina lipo."

Msimamizi alituma ujumbe. Haikupita muda simu ikaonyesha kwamba umesomwa.

"Ameusoma," alisema.

"Basi."

Maombi yakaanza kuingia. Bi Kicheko alipata wageni watatu kabla ya chai ya saa nne. Nahodha, ambaye maishani mwake hajapanda hata mtumbwi, alipata wajukuu watano kwa mpigo. Mama Pacha alipata pacha mmoja, na baada ya dakika kumi wa pili naye akajaza, ila akaomba saa tofauti. Hata yule wa kitanda cha kumi na moja, mtu ambaye hata salamu haitikii, alipata jirani wa zamani.

Saa saba msimamizi alimletea Fundi chakula palepale mezani, akamkumbusha na dawa yake ya presha. Fundi aliimeza macho yakiwa kwenye kioo.

Saa nane, kitanda cha saba, sifuri. Saa tisa, sifuri. Aliomba simu ya msimamizi aifungue fomu huko, aone kama watu wa nje wanaipata sawasawa. Walikuwa wanaipata. Jina lilikuwepo, la saba kutoka juu, limeandikwa bila kosa hata la herufi moja.

"Labda mtandao kwao uko chini," msimamizi alisema.

"Labda."

Saa kumi kasoro dakika tano, msimamizi alichukua karatasi ili achapishe orodha ya wageni ya kupeleka langoni.

"Nipe dakika moja," Fundi alisema.

Akarudi kwenye ukurasa wa kitanda cha saba. Akaondoa tiki. Akahifadhi, akafungua fomu, akahesabu. Majina kumi na moja.

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake na aliona kila kitu. Alifungua droo, akatafuta ndani yake kwa muda kitu ambacho hakikuwemo, akaifunga.

"Haya, chapisha," Fundi alisema, akampisha kiti.

Alifuata korido taratibu, akikokota kandambili, akapita mlango wa bafu na meza ya redio, akaingia kwenye chumba cha wanaume. Nahodha alikuwa ameketi kwenye kitanda cha nane, kioo kidogo mkononi, akinyoa ndevu kwa ajili ya kesho.

"Vipi, mwenzangu?" Nahodha aliuliza. "Binti anakuja?"

Fundi aliketi kwenye kitanda cha saba, akavua miwani.

"Angekuja," alisema. "Ila ile fomu imegoma tena. Jina langu halionekani."