Fremu Langoni

Jumatatu, saa tatu asubuhi, jua kali, hakuna upepo. Nalepo, mpimaji wa nyasi, alirusha fremu ya mraba nyuma ya bega bila kutazama, kama sheria ilivyotaka. Nyasi zikijaza nusu ya fremu, familia hubaki. Zikipungua, huhamishiwa mjini.

Fremu iliangukia langoni kwa mama yake, pale alipong'oa nyasi alfajiri ili amlaki bintiye kwa nyasi mkononi, ishara ya baraka.

"Rusha tena, mwanangu. Hapo nimeng'oa kwa ajili yako."

"Kila boma ni mara moja, mama."

"Kumbe ningekupokea mikono mitupu, ningebaki kwangu."

Nalepo aliandika: robo. Dereva alifungua mlango wa lori la kuhamishia familia. Mama alikwenda kufunga godoro. Nalepo akaokota fremu, akaelekea boma la jirani.