Shimo la Muhanga

Ngiri hakuwahi kuchimba hata kishimo. Shimo alilotawalia lilichimbwa na Muhanga, naye alilipata kwa kumwonyesha meno tu. Kila jioni aliingia humo kinyumenyume, uso nje, akinguruma, "Mtawala hawapi raia mgongo!" Aliyethubutu kusogea alikutana na yale meno.

Muhanga akamwendea Nungunungu. "Ndugu yangu, nitatoboa njia ya nyuma. Wewe ingia ukae tu na miiba yako."

Jioni Ngiri akaja na maringo yake, akatanguliza makalio. Mara akachomoka akilia kama ndama, miiba imemjaa nyuma, akatokomea porini. Wanyama wakapiga vigelegele mpaka wakapwelewa sauti.

Muhanga akainama mlangoni. "Ahsante sana, ndugu. Sasa toka, nirudi kwangu."

"Nitoke?" Nungunungu akasimamisha miiba. "Na Ngiri akirudi, nani atawalinda?"

Muhanga akatazama makucha yake, akashusha pumzi, akasogea kando na kuanza kuchimba shimo jingine.

"Lipanue kidogo, ndugu," Nungunungu akaita kutoka ndani. "Shemeji yangu anakuja."