Nungunungu Hawafiki Fainali

"Hiyo timu yako haifiki popote," alisema Mzee Wainaina kabla Anysie hajafunga hata mlango. "Kocha hana akili, defensi imejaa mashimo. Ubingwa wa taifa watausikia kwa redio tu."

"Papa, mwaka huu kombe ni letu," alijibu Anysie akivua viatu. "Ekipe iko na nguvu sana. Utaona na macho yako."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na Anysie akajua Jumamosi imeanza vizuri. Akampa dawa, akamwekea mto mgongoni, akawasha ile televisheni kubwa iliyomeza nusu ya sebule. Nungunungu, timu ya chuo kikuu kimoja cha kusini, walikuwa wakiingia uwanjani na helmeti zao za njano.

Nyumba ile ya Wheaton, huku Marekani, ilikuwa na baridi, kwa hiyo hakulivua sweta lake, nalo la njano, lenye nungunungu mkubwa kifuani. Alilichagua kwenye rundo la nguo za msaada kanisani, majira ya baridi aliyofika kutoka Uvira, Kongo, kwa sababu lilikuwa zito kuliko mengine.

Kusema kweli, mpira huu wa Kimarekani ulimchosha roho. Wanaume wazima wanakimbia kidogo, wanaangushana, halafu wanasimama kujadiliana kama kamati ya harusi. Lakini kazi ya kulea wazee ndivyo ilivyo: unakipenda anachokipenda mgonjwa wako. Kwa bibi aliyemtangulia Wainaina alijifunza kufuma soksi. Kwa Wainaina ikawa mpira, maana siku ya kwanza mzee alimtazama pale mlangoni na swali lake la kwanza likawa la mpira huo huo:

"Unaonaje, mwaka huu watachukua ubingwa?"

Anysie hakujua ni ubingwa wa nini. "Watachukua, Papa," alisema, asimvunje moyo.

"Hawachukui!"

Ubishi ukaanzia hapo. Tangu siku ile, kila Ijumaa alimpigia simu Liévin, mwenzake wa kwaya, anayekaa mji wa Woodbridge na anayeugua mchezo huo, amfundishe maneno ya kesho. Aliyakariri ndani ya basi kama mtoto wa shule.

Hakuona taabu. Siku nyingine zote alifanya kazi katika nyumba ya wazee ambako hakuna aliyeweza kulitamka jina lake, na jioni alirudi kwenye chumba ambacho hakuna aliyemuuliza ameshindaje. Jumamosi kulikuwa na mtu anayemsubiri, tena anayemsubiri kwa kelele. Mzee naye alikuwa peke yake. Mkewe alishazikwa, na binti yake wa pekee, Wamaitha, aliishi na mumewe Texas.

Juu ya kabati kulikuwa na ubao wa drafti uliojaa vumbi. Anysie aliutupia jicho mara nyingi, maana baba yake alimfundisha drafti tangu hajaota meno ya pili. Hakuomba wacheze. Mzee alikuwa na mpira wake.

Moyo wa mzee ulikuwa umechoka, na daktari alishasema hivyo bila kuzunguka. Anysie alitaka jambo moja tu: mzee afike Januari, aione fainali, ashindwe ule ubishi wake mbele ya macho yake mwenyewe. Aliliombea kanisani, akiona aibu kidogo kumsumbua Mungu kwa ajili ya mpira.

Kumbe Nungunungu walikuwa wakishinda kweli. Wakapita raundi ya kwanza ya mtoano, wakapita robo fainali. Kadiri walivyopanda, mzee alizidi kushuka. Alisinzia katikati ya mechi. Siku moja alimnyooshea kidole mtu mwenye fulana ya milia.

"Huyu anachezea upande gani?"

"Ni refa, Papa," alisema Anysie kwa upole. Akaenda jikoni, akalia. Aliona ugonjwa sasa umepanda kichwani.

Nungunungu waliposhinda nusu fainali, mzee alimshika mkono. "Hiyo fainali nitakaa macho mpaka mwisho," alisema. "Nataka nikuone ukifurahi."

Hakuifikia. Fainali ilichezwa jioni ya siku waliyomzika, na Anysie alikaa chumbani kwake bila kuwasha kitu. Simu ya Liévin iliita, hakuipokea.

Kesho yake alirudi Wheaton kuchukua ndara zake. Wamaitha alikuwa sebuleni, akifunga vyombo vya baba yake kwenye maboksi.

"Hiyo TV ni yako," alisema. "Baba alisema uichukue."

"Hapana, Mama. Ni ya Papa. Alipenda sana mpira wake."

Wamaitha aliacha kufunga. Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

"Baba? Baba alichukia huo mchezo maisha yake yote! Hii nyumba haikuwahi kuwa na TV, alikuwa mtu wa drafti. Hii aliinunua wiki ile ulianza kazi, na kila Ijumaa alikuwa anampigia bwanangu amfundishe cha kusema. Alituambia, 'Huyu msichana amekuja amevaa sweta ya timu yake, na hana mtu hata mmoja wa kubishana naye.'"

Anysie alishika mikono ya lile sweta, akaivuta mpaka ikafunika vidole.

"Haya, niambie," alisema Wamaitha. "Timu yako ilishinda?"

Anysie hakujua.

"Tulishinda," alisema.